Nesi wa Guta

Zamani mzazi alifichwa ndani mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, siku hizi kichanga hupokelewa na kijiji kizima, kila mtu na kikohozi chake. Mzee Machage alinung'unika hivyo alipomsindikiza mjukuu wake Gati na kichanga chake kliniki ya Guta, lakini macho yake hayakubanduka kwa nesi. Kabla ya kumgusa mtoto, nesi yule alipasha viganja moto kwapani. Alimmulika macho kwa tochi, kisha akamwendea nyuma na kugonga kijiko kwenye kikombe cha bati.

“Mzee, mbona unanikodolea macho kama nimekuibia ng'ombe?”

“Nataka kujua unatafuta nini.”

Nesi aligonga kushoto, akagonga kulia. Mtoto wa Gati aliendelea kunyonya kidole. Akaketi, sauti ikashuka.

“Mama, mimba ikiwa changa ulitokwa na vipele?”

“Vilikuwaga vidogo tu, dada. Havikunisumbua.”

“Huenda ilikuwa rubela, ugonjwa wa vipele. Humwacha mama salama, ikamwumiza masikio aliye tumboni. Hukujua, mama. Nendeni hospitali ya Musoma wakampime vizuri.”

Machage akatafuta wa kumlaumu, akamkosa. Hata ule mlango wa zamani wa kumficha mzazi ungefungwa ugonjwa ukiwa umeshaingia.

Musoma walithibitisha kwamba mtoto hasikii. Mara ya mwisho Machage alimwona nesi sokoni Bunda. Wanawake walikuwa wakimwita mtoto mgongoni kwa Gati, “We babu! We babu!” Nesi hakuita. Alizunguka, akainama mbele ya uso wa mtoto, akangoja mpaka amtazame, ndipo akamchekea.