Pembe Moja Mbele, Moja Nyuma

Anayetaka historia ya maonyesho ya kilimo na mifugo ya Lodwar aje kwangu. Nasema hivyo bila kuona haya. Kila mara kuna ofisa aliyehamishiwa huku majuzi tu, na tayari amesimama mbele ya kipaza sauti akiwaeleza wageni jinsi shoo yetu ilivyoanza, nami nimekaa chini ya hema nikitikisa kichwa. Hakuwepo. Mimi nilikuwepo, mwanafunzi mwenye sare iliyopauka, wakati maonyesho yote yalikuwa mahema mawili na ua wa miiba. Mbuzi waliingia wakala maua ya karatasi yaliyopamba jukwaa kabla mgeni wa heshima hajafika. Tulicheka mpaka walimu wakatutishia viboko.

Siku hizi ni mambo mengine kabisa. Kwa siku tatu hupati chumba cha kulala Lodwar hata ukimjua mwenye nyumba. Samaki wakavu wa Lowarengak hunukia kabla gari lililowabeba halijafika getini. Akina mama wa Nakalale hupanga vikapu vyao vya majani ya mkoma, na mtu akiwaomba bei ya chini humtazama hadi ajionee huruma mwenyewe. Kutoka Kakuma na Kalobeyei huja bamia, mchicha na nyanya, na kuna wazee wanaosimama mbele ya nyanya moja kwa muda mrefu, wakiwa hawaamini kwamba imetoka kwenye mchanga ule ule wanaoujua. Kisha kuna mbio za punda, ambazo sijazikosa hata mara moja. Punda hukimbia siku nzima wasipoombwa, na filimbi ikilia husimama.

Lakini moyo wa maonyesho ni uwanja wa mifugo, na uwanja huo nauita wangu. Mimi ni afisa wa mifugo, kituo changu kiko Kakuma, na kila mwaka hushuka Lodwar wiki moja mapema kupanga mazizi. Waamuzi hutoka mbali ili wasiwe na shemeji wala binamu miongoni mwa washindani. Utaratibu huo ni wangu. Zamani ng'ombe bora alichaguliwa kwa mdomo. Wazee watatu walimzunguka, wakabishana, na mshindi akawa yule mwenye ndugu wengi uwanjani. Mwaka mmoja watu wawili ambao familia zao zilikuwa zimeoana waliondoka bila kuagana kwa sababu ya fahali mmoja.

Basi nilipomaliza chuo huko nyanda za juu nikarudi na dawa ya ugomvi huo, nayo ilikuwa karatasi ya alama. Mgongo ulionyooka, alama kumi. Kifua kipana, kumi. Miguu, ngozi, mwendo. Na chini kabisa: pembe zilingane pande zote mbili, alama kumi. Niliinakili kutoka maonyesho ya kule nilikofanyia mazoezi ya kazi, nikabadilisha jina la mji, nikapiga chapa, nikatia sahihi yangu. Wakubwa wangu walinisifu. Hata mimi nilijisifu, sikusubiri wengine wamalize.

Karatasi ile ilifanya kazi vizuri miaka miwili, kwa sababu rahisi ambayo sikuitambua. Watu walikuwa wakileta ng'ombe wa kuuza. Maksai wa nyimbo walibaki nyumbani.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, maksai wa nyimbo ni yule ambaye mwanamume humchagua akiwa bado ndama, akamhasi, akamfunga kengele shingoni na kumtungia nyimbo. Wenzake humwita kwa jina la maksai huyo mpaka jina la kuzaliwa linasahaulika. Baba yangu anaitwa hivyo, na kwetu mtoto halitaji ovyo jina la baba yake, ndiyo maana sitaliandika hapa jina la ng'ombe wake. Alikuwa mweusi mwenye tumbo jeupe, na pembe zake zilitengenezwa. Maksai akiwa mdogo, pembe ikiwa bado laini, hulazwa chini na watu wanne, mwenye ng'ombe akaigonga pembe kwenye shina kwa jiwe hadi ilegee, kisha akaifunga kwa ukanda wa ngozi ielekee anakotaka. Baba alitaka moja ielekee mbele na moja nyuma. Kazi hiyo aliifanya kwetu Lorugum, wakati wa likizo yangu moja ya shule, nami nilikuwepo.

Kila mwaka nilimsihi alete maksai wake Lodwar. Kila mwaka alinijibu kwamba yeye hana ng'ombe wa kupeleka sokoni. Nikamwambia si soko. Akauliza kama watu watakuwepo, kama vumbi litakuwepo, kama mtu atakuwa akipiga kelele kwa chombo. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni soko.

Mwaka ule alikubali. Maksai alikuwa amezeeka, magoti yameanza kukakamaa, na baba alijua kwamba safari ndefu ya mwisho ilikuwa hiyo. Aliwaambia wazee wa rika lake pale Lorugum kwamba msichana wake ndiye mwenye uwanja, kwamba ng'ombe atarudi na utepe shingoni juu ya kengele, nao waje waone. Alitembea siku tatu akifuata mto ili mnyama apate majani na maji. Wazee wenzake walikuja kwa gari. Nilipomwona akiingia getini, yeye mwenyewe kajaa vumbi hadi kwenye kope, ng'ombe kaoshwa anang'aa, nilitaka kulia. Nilijizuia kwa sababu nilikuwa na sare.

“Ejok,” akanisalimia, kana kwamba tulikutana asubuhi ile. Kisha kwa Kiturkana: “Wakae wapi watu wangu, ili waone vizuri?”

Niliwaweka mstari wa mbele.

Maksai walikuwa sita. Mwamuzi, mtu mpole wa nyanda za juu, aliwazunguka mmoja mmoja na karatasi yangu mkononi. Kwa baba alikaa muda mrefu. Aligusa mgongo, akaafiki kwa kichwa. Aliutazama mwendo, na ingawa magoti yalikuwa magumu, ng'ombe alitembea kwa madaha. Kisha akasimama mbele ya kichwa, akatazama pembe, akatazama karatasi, akaandika. Mimi nilikuwa kwenye meza ya waandalizi, na mkono ule ulipoandika nikakumbuka mstari wa mwisho wa karatasi yangu, ule wa pembe. 

Kipaza sauti kikataja matokeo. Baba alikuwa wa tano. Sababu ikasomwa kwa sauti, kama nilivyoagiza mimi mwenyewe ili pasiwe na malalamiko: pembe zina kasoro, hazilingani.

 Jirani yangu wa Kalobeyei, mama wa Kikongo aliyeleta bamia, kibanda chake kilikuwa karibu na meza yetu. Akaniinamia.

“Mama, ile ngombe ya pembe moja mbele, banasema njo ya papa yako? Banamukatalia juu ya nini?”

Niliangalia uwanjani. Baba alikuwa amemfuata mwamuzi, na kwa kuwa mwamuzi hajui Kiturkana, alimwambia kwa Kiswahili chake.

“Hii pembe haina kasoro. Mimi ndio nilitengeneza.”

“Mzee wangu, pole sana,” mwamuzi akasema. “Ng'ombe ni mzuri, nimekubali. Lakini karatasi inasema pembe zilingane.”

“Karatasi nani aliandika? Huyo mtu anajua ng'ombe?”

Mwamuzi akatazama chini ya karatasi, penye sahihi. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa muungwana, akakunja karatasi na kusema kwamba ni ya ofisi.

Ningeweza kunyamaza. Baba hasomi, na neno ofisi kwake lingetosha. Angerudi Lorugum akiilaani ofisi, mimi ningebaki msichana mwenye uwanja. Nilifikiria hivyo kwa muda ambao bado naona haya kuukumbuka. Kisha nikavuka kamba nikaenda mpaka aliposimama.

“Ni mimi, Baba,” nikamwambia kwa lugha yetu. “Niliandika mimi.”

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kama anayetafuta alama ya kumtambua ng'ombe aliyepotea, akashika kamba ya maksai wake akamgeuza kuelekea getini. Kengele ikawa inalia polepole. Wale wazee wa rika lake wakaanza kuinuka wakiokota vigoda vyao, na hakuna aliyekuwa akimwangalia mwenzake.

Hapo hasira yangu ikaja, na nashukuru kwamba ilinigeukia mimi mwenyewe. Nilikwenda jukwaani nikamnyang'anya kijana wa matangazo kipaza sauti. Sikupanga maneno. Nilisema kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili ili mwamuzi na watu wa Kakuma wasikie, kwamba karatasi ya alama imekosea na aliyekosea ni mimi. Kwamba niliinakili kutoka mahali ambapo pembe huota zenyewe na hakuna anayeziimbia. Kwamba mwamuzi ametenda haki kwa karatasi aliyopewa, na aliyeshinda ameshinda, utepe ni wake. Lakini kwamba pembe zile hazina kasoro yoyote, zimetengenezwa na baba yangu, na mtu asiyejua kuzitazama aje nimfundishe, nikishamaliza kujifundisha mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata niliufuta mstari ule wa pembe. Wakubwa wangu waliniuliza kama sasa kila mzee atakuja na pembe zake. Nikawajibu ndiyo, kila mzee, na wamekuja kweli: leo uwanja wa maksai wa nyimbo ndio unaojaza watu kuliko mbio za punda, na watalii husukumana na wenyeji kwenye kamba. Nikisikia ofisa mgeni akilieleza jambo hilo kwenye kipaza sauti kana kwamba ni ubunifu wa ofisi, sibishi tena. Najua lilikotoka.

Lakini siku ile baba alikuwa bado anaelekea getini. Aliposikia sauti yangu juu ya vichwa vya watu, alisimama. Hakugeuka mpaka nilipomaliza. Kisha akamrudisha maksai wake katikati ya uwanja, akamwacha asimame, na akaanza kumwimbia. Sauti yake imekuwa nyembamba kwa uzee, lakini iliwafikia hadi waliosimama kwenye kamba. Akainua mikono juu ya kichwa kama wanaume wetu wafanyavyo wanapoimba, mmoja umepindia mbele, mwingine nyuma, naye akawa ndiye ng'ombe. Wazee wa Lorugum wakaviacha vigoda vyao wakaingia uwanjani nyuma yake, mikono yao yote katika umbo lile lile. Mama wa bamia akapiga vigelegele vya kwao. Hata mwamuzi alikuwa amevua kofia.

Nikashuka jukwaani nikaenda kusimama kando ya baba. Nilikuwa na sare ya serikali, kalamu mfukoni, na kwetu mwanamke haimbii maksai hivyo, lakini nilikuwa nimekwishakosea mengi siku hiyo na moja zaidi halikunitisha. Nikainua mikono yangu. Wa kushoto nikaupinda mbele, wa kulia nyuma.

Baba akaacha kuimba. Wazee nao wakaacha. Akauchukua mkono wangu wa kushoto akaupeleka nyuma, akauchukua wa kulia akauleta mbele, taratibu, kama alivyozielekeza zile pembe, na watu wote wakitazama.

“Ya mbele ni ya kulia,” akasema. “Unasahauje? Jiwe lenyewe ulileta wewe.”

Kisha akaendelea pale alipoachia, nami nikaiacha mikono yangu pale alipoiweka.