Kiyoyozi cha Mama Kinachosubiri Giza

Leo, hapa Kamunyonge, fundi ameleta usiku saa nane mchana kwa kutumia soksi.

Fundi huyu huimba besi katika kwaya ya mama, na nadhani hiyo ndiyo sifa iliyompatia kazi. Kiyoyozi kipya alikiunganisha kwenye waya wa taa ya nje, ile yenye sensa, ambayo hujiwasha giza likiingia. Kwa hiyo mchana kilikuwa kimya, na wanajumuiya walikuwa njiani kuja kusali kwetu.

Akaitwa. Akapanda ngazi, akavua soksi yake nyeusi, akaivisha sensa.

“Tayari, mama. Sasa ni usiku.”

Kiyoyozi kikaunguruma. Mama akanigeukia, rimoti mkononi.

“Si ulikuwaga unasema hajui kazi? Digrii yako imekusaidia nini?”

Nikagusa waya ukutani. Ulikuwa wa moto na ulinuka plastiki.

“Mama, nyumba itaungua.”

“Isubiri wageni waondoke.”

Nikatoka, nikaivua soksi. Mchana ukarudi.

Tumesali kwa jasho. Mama amemshukuru Mungu kwa ajili ya fundi, kisha akaniombea mimi nibadilike.

Pengine nilikosa adabu. Ninyi mngeiacha soksi?