Matawi Yaliyohamishwa Ziwani Sahtu

Leonia hakumwamini shemeji yake Bruno tangu enzi za uhai wa mumewe, na asubuhi ile alipata sababu mpya. Matawi ya msonobari ambayo Bruno huyachomeka barafuni kuonyesha njia ya kuvuka Ziwa Sahtu lililoganda, kaskazini mwa Kanada, yalikuwa yamehamishwa. Jana yalipita mbele ya mdomo wa mto. Leo yalipinda yakaja jirani kabisa na nyavu zake za samaki, alizozitega chini ya barafu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona.

Wiki nzima samaki wake walikuwa wakipungua, na bila samaki mbwa wake wasingelimaliza baridi wakiwa hai. Sasa mwizi kajitengenezea hadi njia ya kuzifikia nyavu!

Hakumuuliza mtu. Aling'oa matawi, akayapakia kwenye sleji yake ya kuburuta thelujini, akayarudisha kwenye mashimo yake ya zamani mojamoja. Ukungu ulikuwa mzito kama uji, na siku kama hiyo watu wa Sahtu hufuata matawi tu, kichwa chini.

Karibu na mto alipiga patasi yake ndefu ya kutobolea barafu apanue shimo lililoziba. Ilizama kwa pigo moja. Maji meusi yakapanda, yakalowesha viatu vyake vya ngozi. Mkondo ulikuwa umeila barafu kwa chini.

Alirudi kinyumenyume. Ndipo akasikia pikipiki ya theluji ikinguruma ukunguni, ikifuata matawi yake.

"Simama! Simama!" Alikimbia akipunga tawi mpaka taa ikasimama mbele yake.

Alikuwa Bruno. "Vipi, shemeji, umeona dubu?"

"Barafu imeoza hapo mbele!"

"Najua. Si ndiyo maana nilihamisha njia jana jioni?" Akatazama safu ya matawi, kisha sleji. "Nani kayarudisha?"

"Upepo."

"Ala! Upepo siku hizi unavuta sleji?"

Leonia aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Nilidhani unaniibia samaki."

"Nilipoona matawi sikupima hata barafu. Nilidhani ni yale niliyoyachomeka mwenyewe." Bruno alizima pikipiki. "Ungeniuliza."

"Ungesema kweli?"

Bruno aling'oa tawi la karibu. "Shika patasi yako. Tangulia wewe."

Waliyachomeka upya kwenye njia ya Bruno, Leonia akipima, Bruno akimfuata kwa mbali, asikanyage ila alipokanyaga Leonia. Walipopita penye nyavu, Bruno aligeuza uso upande wa pili, makusudi, asije akaonekana anatazama.

Leonia aliliona hilo pia. Akaanza kujiuliza kama ile ilikuwa heshima au hatia.