Phelister Nabalayo na Koo Mbili za Migomba

Mumewe alipofariki, Phelister Nabalayo aliacha vibarua vya kiwandani akaanza kuuza ndizi mtaani Kayole. Ni miaka ishirini na sita sasa. Nyuma ya ploti anamopanga chumba, kwenye kipande cha udongo kati ya ukuta na mtaro, alipanda machipukizi aliyoyatoa kwao Bungoma. Migomba imefika tisa, na anaujua kila mmoja.

Mwaka jana alikuja Mbaluka, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiorodhesha aina za migomba inayopandwa mitaani. Alifika kwenye migomba miwili ya mwisho, akaandika kwamba yote miwili ni ya matoke, ndizi za kupika.

"Huo wa kushoto si wa matoke," Nabalayo akasema.

Mbaluka akatabasamu kwa heshima. "Lakini mama, haujazaa bado. Umejuaje?"

"Na wewe umejuaje?"

Nabalayo akamshika mkono, akauweka kwenye kikonyo cha jani.

"Pitisha kidole. Kikonyo cha matoke kina mfereji uliofunuka. Mvua ikinyesha, maji yanateremka mpaka chini. Huu hapa, kingo zimejikunja, karibu zigusane. Sasa tazama shina. La matoke lina madoa meusi, hili ni kijani kitupu. Migomba hii miwili si ya ukoo mmoja."

Mbaluka alishusha kalamu. Kisha akamweleza kwamba migomba mingi tunayokula ilitokana na mimea miwili ya mwituni, Musa acuminata na Musa balbisiana. Kuna inayotokana na mmoja tu, kama ya matoke, ambayo ni ya acuminata peke yake, na kuna iliyochanganya yote miwili. Wataalamu huitenga kwa kuangalia mfereji wa kikonyo, madoa ya shina, na alama nyingine mpaka kwenye ua.

"Mama, ulisomea wapi haya?"

"Shule niliachia darasa la saba. Haya niliyaona mwenyewe."

Mgomba ule wa kushoto ulipochanua, Mbaluka alirudi na mwalimu wake, Daktari Aloo. Walipasua kindizi kichanga wakakitazama kwa lenzi. Vijimbegu vilikuwa katika safu nne, wala si mbili kama za matoke. Wakachukua kipande cha jani kwenda kupima maabara. Majibu yalisema mgomba huo umerithi sehemu moja ya acuminata na mbili za balbisiana.

"Rekebisha fomu," Daktari Aloo akamwambia Mbaluka. "Na uandike aliyeutambua."

Nabalayo alisimama nyuma ya bega la kijana mpaka akamaliza. "Phelister inaanza na P-H," akamkumbusha. "Usiniandike kwa F."

Siku hizi Daktari Aloo humletea wanafunzi wake. Kundi la kwanza la watu thelathini lilipofika, Nabalayo alivaa viatu vya gambuti na kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, akawauliza kama mgomba ni mti. Karibu wote wakaitikia kwamba ni mti. Akakata shina la chipukizi kubwa la kupunguzwa, akalibambua ganda baada ya ganda, mpaka likaisha lote.

"Mbao ziko wapi?"

Akaokota ganda moja, akaliinua.

"Haya yote ni maganda ya chini ya majani yaliyofungana. Shina lenyewe liko chini ya udongo. Andikeni."

Wakainama wote thelathini, wakaandika, naye akawasubiri, panga mkononi, kichwa juu.