Farasi Wetu wa Naipingo

Nakumbuka siku moja, asubuhi ya vumbi hapa Naipingo, nilivyomburuta punda kwa kamba huku nikimwita farasi. Cheka tu, mwanangu. Waliokuwepo walicheka kabla yako.

Mama na baba walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mimi mkubwa nikaacha shule darasa la sita ili wadogo zangu, Zuhura na Hamisi, wale na wasome. Sasa, marehemu baba alikuwa amemwahidi Hamisi farasi. Angemtoa wapi sijui, maana Nachingwea nzima sijawahi kumwona hata mmoja. Lakini ahadi ile niliona imeniangukia mimi.

Mwaka ule mfugaji mmoja wa Kisukuma, mzee Masanja, alihamia huku na ng'ombe wake. Tulipomaliza kuvuna, akaomba walishwe mabua ya mahindi shambani kwetu. Shukrani yake ikawa punda mzee, mdomo umejaa mvi. Nikamfikisha nyumbani, nikamwambia Hamisi, "Haya, farasi wako huyu."

"Dada, mbona masikio marefu?"

"Bado mdogo. Akikua yatapungua."

Kijiji kizima kikapata la kusema. "Mwanaidi, farasi wako analia kama punda!" Nikawajibu ana mafua. Kumbe nimejifunga mwenyewe: nilitaka kumuuliza mzee Masanja mnyama huyu anaendeshwaje, lakini ningelazimika kutamka "punda", na Hamisi hakubanduka ubavuni kwangu.

Ikafika siku ya mwisho ya Zuhura kuripoti kidato cha kwanza, shule ya bweni Ruangwa. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Basi lilikuwa moja tu, la asubuhi, linapita barabara kuu. Tukampakia punda tranka, godoro, ndoo, jembe na fagio. Akaenda vizuri mpaka kwenye daraja la magogo. Pale akasimama.

Nikamvuta kwa mbele, kama tunavyovuta mbuzi. Nilivyozidi kuvuta ndivyo alivyozidi kurudi kinyumenyume, kama anakalia kiti. Hamisi akamsihi, "Farasi, twende bwana!" Zuhura akakaa chini na karatasi yake ya shule, analia. Kwa mbali tukasikia honi.

Mzee Masanja akatokea na baiskeli yake. "Binti, unamfanya nini huyo?"

"Farasi amegoma, mzee."

Akamtazama punda, akamtazama Hamisi, akanigeukia mimi. "Farasi mimi simjui. Angekuwa punda, ningekuambia la kufanya."

Mwanangu, neno lile lilikuwa zito kuliko tranka. Nikatazama machozi ya Zuhura, nikafumba macho. "Ni punda, mzee."

"Basi achia kamba. Punda haburutwi, anaswagwa. Pita nyuma."

Nyie mkisikia swaga mnawaza miwani na suruali za kubana. Sisi kuswaga ni kumpeleka mnyama ukiwa nyuma yake. Nikapita nyuma, nikampigapiga kiunoni kwa kiganja, nikamlizia ulimi. Alitoka mbio, godoro likadondoka. Zuhura akaliokota akajitwika, tukamfukuzia mpaka barabarani. Konda alishaning'inia mlangoni, lakini tuliwahi.

Zuhura alipoondoka, nikachuchumaa mbele ya Hamisi nimwombe radhi. Akaniwahi.

"Dada, nilijua ni punda tangu siku ya kwanza. Farasi yumo kwenye kitabu changu. Niliogopa nikisema utalia."

Kumbe mtoto wa darasa la pili ndiye aliyekuwa akinilea.

Leo Zuhura ni mwalimu, na Hamisi ana punda wake watatu. Kila mmoja anamwita Farasi.

Basi shika hili, mwanangu. Uongo hata ukiusema kwa mapenzi, utakufunga mdomo siku unapohitaji msaada. Kitu kiite jina lake, watu wajue pa kukushika mkono. Na ukijaliwa kulea, usiwaburute wale unaowalea kwa kamba ya matakwa yako. Wakati mwingine pita nyuma yao, wasikie tu kwamba upo.

Mungu akupe mzigo unaouweza, na mtu wa kukuambia ukweli kabla basi halijaondoka. Amina.