Nilisema "hakuna", na rekodi ya live ya baba ikafutwa

Niaje wakuu. Mimi husoma tu hapa, sijawahi andika. Hii nimeitoa kwa diary yangu vile ilivyo. Ningekuwa naongeza chumvi, ningejifanya nionekane poa kidogo.

Niko Form Three, naishi Laini Saba na baba.

Napenda folk rock. Gitaa, hadithi ya watu wa kawaida, drums zisizo na haraka. Lakini sanasana live. Studio wanasafisha kila kitu. Kwa live unasikia mtu akikohoa, kiti ikivutwa, muimbaji akivuta pumzi kabla aanze. Unajua kulikuwa na watu pale.

Darasani wanaziita ngoma za matanga. Nimezoea.

Hii mapenzi nilitoa kwa baba. Ni Mkamba wa Machakos, fundi wa mageti, na Jumapili mchana alikuwa anapiga na wenzake nyuma ya hoteli moja Gatina. Nyimbo za kwao, lakini na gitaa ya stima yenye inakwaruza.

Mwaka jana nilimrekodi na kabambe yangu, ile simu ndogo ya button. Wimbo mmoja, mrefu. Katikati string inalegea. Anasimama, anasema, "Ngojeni, huyu ametoroka." Watu wanacheka, anaikaza, anaendelea.

Hapo ndio nilikuwa narudia. Nilijua hadi nani alicheka kwanza.

Mwezi uliofuata grinder ya kukata chuma ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Gitaa iko ukutani, imefunikwa na leso.

Tangu hapo, kila Jumapili tukitoka kanisa, alikuwa ananiambia, "Lete huyo mtu tumsikie."

Huyo mtu ni yeye.

Sasa makosa yangu. Nilitaka kumuongezea live zingine za folk rock, asikie kuna watu mbali huko wanapiga kama yeye. Nikapeleka memory card, ile ile yenye ilikuwa na wimbo wake, movie shop iko karibu na shule, Kawangware. Mnajua hao, card yoyote wanaformat kwanza, wanafuta kila kitu, juu ya virus, ndio waweke ngoma.

Jamaa wa shop akaniuliza, "Siste, hapa kuna kitu ya maana nikuwekee kando?"

Nyuma yangu kulikuwa na maboyz wawili wa class yetu.

"Buda, play kwanza tuskie," mmoja akamwambia. "Huyu lazima amebeba kwaya."

Wakacheka. Nikawaza baba akianza Kikamba hapo kwa ile spika kubwa ya mlangoni.

Nikasema, "Hakuna."

Kabla mtu apige chafya, card ilikuwa imeisha.

Wale mtasema recovery, kurudisha kilichofutwa, nilijaribu. Ngoma mpya zilikuwa zimekalia pahali yake.

Jumapili baba akaitisha. Nilitaka kudanganya simu haina charge, nikashindwa. Nikamwambia yote, hadi ile ya kuona aibu.

Akaangalia ule mkono.

"Si mbaya," akasema. "Hata verse ya pili nilikuwa nimekosea."

Hakukosea, wakuu. Hiyo verse naijua.

Hajaitisha simu tena. Juzi nilipata leso imekunjwa vizuri kwa kiti, na ukuta ni mtupu. Sijauliza gitaa ilienda wapi.

Zile live nilizoweka ziko, na ni kali. Lakini mtu akicheka kwa audience natoa earphones.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiulizwa kama kuna kitu ya maana, sema iko, hata wakucheke. Wale maboyz walisahau siku hiyo hiyo. Mimi ndio nimebaki nayo.

Lakini kuna mtu alikuwa amesimama karibu na jiko siku ile baba alipiga Gatina, jacket ya green, ameinua simu juu anarekodi. Kama ni wewe, ama unamjua, angalia simu yako ya zamani. Si lazima wimbo wote. Hata kama ni pale tu string inalegea.

Andika hapa chini. Mimi ni mtu wa aibu lakini nitajibu.