Safu Niliyoikata kwenye Daftari la Skauti

Daftari lenyewe lilikuwa kaunta buku ya jalada jeusi, na mistari niliichora kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne. Safu tano. Jina, umri, jina la mzazi, simu ya mzazi, na ya mwisho juu yake nikaandika: Asili ya wazazi. Naeleza hili mapema ili asije mtu akadhani kuna aliyenituma. Hakuna aliyenituma. Nilijipangia mwenyewe, na siku ile nilijiona mtu wa maana.

Sababu ilikuwapo. Mwaka mmoja nyuma tulikwenda kupiga kambi Kiruruma pamoja na skauti wa Karagwe, mtoto wetu mmoja akashikwa na homa, na simu ya baba yake haikupatikana. Nilikaa naye kwenye benchi la zahanati, muuguzi akiuliza, "Huyu wa nani? Kwao wapi? Ndugu zake wengine wako wapi?" nami najibu tu, "Ni wa shule yetu." Aliniangalia kama mtu aliyeokota mbuzi njiani. Nikaapa kwamba hilo halitanipata tena. Tuliporudi nikawauliza watoto mmoja mmoja asili ya wazazi wao, ili siku ya shida nijue ndugu wako upande gani. Wengi walisema hapahapa Kyerwa, wengine Karagwe, mmoja Muleba. Sita walisema ng'ambo. Wanne Burundi, wawili Rwanda. Nikaandika kama walivyosema.

Mimi si mwalimu. Nilimaliza darasa la saba, nina kibanja cha migomba na kahawa, na uskauti nilifundishwa utotoni. Mwalimu mkuu aliniomba niwashike watoto siku za Jumamosi kwa kuwa walimu wake ni wachache. Huwa nawaza kwamba mtu mwenye elimu angejua tangu mwanzo kuwa swali lile lina hatari. Lakini lazima niseme pia kwamba nimewaona wenye elimu wakiliuliza.

Halafu ukaja ule mwezi wa uchaguzi na fujo zake.

Huku kwetu hakikuchomwa kitu, hilo niliseme wazi. Yaliyotokea yalitokea mijini, sisi tukayapata kwa watu wa bodaboda na kwa wale waliopigiwa simu na watoto wao kabla mtandao haujakatika. Kila aliyesimulia aliongeza kidogo. Ila hofu haikuhitaji mtandao. Mtu akiona vijana watano wamesimama pamoja, anapunguza mwendo, anaangalia pembeni. Na mimi nilikuwa na watoto ishirini na watatu, wamevaa kaki, wanapiga kwata kwa filimbi uwanjani.

Mzee mmoja anayekaa jirani na shule alinisimamisha njiani.

"Hao unawaandaa kwa vita vya nani?"

"Ni skauti, mzee wangu. Wanajifunza kufunga mafundo, na huduma ya kwanza."

"Na kusalimiana kwa mkono wa kushoto nako ni huduma ya kwanza?"

Sisi skauti tunapeana mkono wa kushoto kwa sababu ndio ulio upande wa moyo. Lakini kwetu, kwa mkono wa kushoto humpi mtu hata kijiti cha kuchokonolea meno. Miaka yote watu walitucheka tu kwa hilo. Mwezi ule hawakucheka. Saluti yetu ya vidole vitatu nayo, mama mmoja aliniuliza ni ya chama gani. Nilipomwambia si ya chama, akasema, "Ndivyo mnavyosemaga." Wazazi wengine wakaacha kuwavalisha watoto sare. Walikuja na nguo za nyumbani, skafu imekunjwa ndani ya mfuko wa daftari, wakaifunga shingoni walipofika uwanjani na kuivua kabla ya kutoka.

Baada ya hapo yakaanza maneno kwamba wanaoleta fujo si wenyeji, ni watu wa kutoka ng'ambo. Kwetu mpaka uko karibu, na maneno ya namna hiyo hayakosi pa kutua. Tunao watu ambao wazazi wao walivuka zamani. Wanalima, wanavuna kahawa kwenye vibanja vya wengine, Jumapili tunakaa nao benchi moja kanisani. Tumewahi kuona huko nyuma ukaguzi wa uraia unavyokuwa. Nyumba inabaki wazi, kuku wanaingia na kutoka.

Jumatano moja mtendaji wa kijiji alinikuta kibanjani nikikata majani makavu ya migomba.

"Kamanda," aliniita hivyo kwa utani siku zote, "una askari wangapi?"

"Ishirini na watatu, mheshimiwa."

"Nimeagizwa nijue kila kikundi cha vijana kinachokutana hapa kijijini. Kwaya wameshaleta. Watu wa mpira wameleta. Umebaki wewe."

"Nitakuandikia majina."

"Usijisumbue. Si unalo daftari? Nimekuona unaita majina kila Jumamosi. Niletee hilohilo keshokutwa, nitanakili mwenyewe."

Nataka kuwa wa haki kwake. Hakujua kilichomo kwenye safu ya tano, na hakuuliza habari za asili ya mtu. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyepata usingizi, na simu yake ilipoita tukiwa tunaongea alisimama wima kuipokea, akasema "ndiyo, mkuu" mara nne. Si yeye aliyenitia hofu. Kilichonitia hofu ni kule ambako daftari lingeweza kwenda likitoka mezani kwake, na mwandiko uliomo ni wangu.

Kati ya wale sita, watano nilikuwa na matumaini nao. Baba zao wana vibanja, wana wake wa hapa, wana majirani watakaosimama kuwasemea. Wa sita ndiye aliyenikaa moyoni. Msichana wa miaka kumi na minne, kiongozi wa kikosi cha Korongo chenye watoto saba, mwenye sauti ndogo lakini wadogo wanamsikia kuliko wanavyonisikia mimi. Anaishi na mama yake tu, katika chumba cha udongo kwenye kiwanja cha mtu, na mama yake ni kibarua wa palizi na mavuno. Hao ilitosha neno moja kwenye karatasi ya mtu, waambiwe wafunge mizigo.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Umesomea kuchora mistari, sasa mistari imekuchora wewe."

"Nifanyeje?"

"Mimi wa kuulizwa? Kawaulize wenyewe uliowaandika."

Hilo neno lilinichoma, kwa sababu lilikuwa sahihi nami nilikuwa nalikwepa. Nilikuwa nimeshapanga kimoyomoyo kwamba nitatoa ukurasa, au nitasema daftari limeloa mvua. Kila Jumamosi nawasimamisha watoto waseme kwamba heshima ya skauti ni kuaminiwa. Halafu mimi niseme daftari limeloa.

Alhamisi baada ya saa za shule nikaenda na daftari kwapani. Msichana alikuwa anafagia uwanja wao, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, kiongozi." Mama yake alitoka akijifuta mikono, akanitolea kigoda, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama ilivyo desturi mgeni akifika. Nilizitafuna bila kusikia ladha. Nikasema nilichokuja kusema, moja kwa moja maana sijui kuzunguka. Kwamba niliuliza watoto asili ya wazazi wao, nikaandika, na sasa daftari linatakiwa ofisini.

Mama akamwambia binti yake, "Nisomee."

Msichana alifungua, akasoma mstari wake wote. Jina, umri, jina la mama, simu. Alipofika mwisho alisoma kwa sauti ileile, "Burundi," akafunga daftari.

"Nani alimwambia?"

"Mimi, mama. Kiongozi aliuliza, nikasema ya bibi."

"Ya bibi," mama akarudia. Akanigeukia. "Baba, mimi nimezaliwa Nyakakika, hapo Karagwe. Kuna mzee aliwapokea wazazi wangu kwenye kibanja chake, na kitovu changu kimezikwa kwenye migomba yake. Huko Burundi sijawahi kukanyaga. Hata kilugha cha huko nasikia tu, kukisema sijui."

Nikajiona nimepata mlango. Nikasema, basi nilikosea, nitasahihisha sasa hivi, nitaandika Nyakakika, na huo ndio ukweli. Nikatoa kalamu mfukoni kabisa.

Akauliza, "Kwangu utaandika Nyakakika. Na wale wengine utaandika nini?"

Kalamu ilibaki mkononi. Wawili kati ya wale wengine baba zao walizaliwa kule kweli, mimi najua na yeye anajua, tunasali nao. Kama mstari mmoja tu umefutwa na kuandikwa upya, mitano iliyobaki itaonekana zaidi. Sikuwa nimewaza hivyo. Mama kibarua asiyejua kusoma aliliona mara moja.

"Iondoe yote," akasema. "Na ukishatoka ofisini, jina la huyu nalo ulitoe. Asiandikwe tena popote."

"Mama," msichana akasema.

"Nyamaza."

Nilimweleza kwamba kwa sasa jina lazima libaki, kwa sababu mtendaji nimeshamwambia ishirini na watatu. Alikubali kwa sharti kwamba litolewe baadaye, akataka niahidi. Nikaahidi. Msichana aliniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kitu chake bila kumuuliza.

Nyumbani nilichukua wembe na ile rula, nikaikata safu ya tano ukurasa kwa ukurasa, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi pale majina yalipoishia. Mke wangu alikusanya vile vipande akavitia chini ya chungu cha maharage. Sikujua kama nimefanya vema. Nililoamua ni moja: sitasema uongo nikiulizwa. Kama atauliza kulikuwa na nini, nitasema. Na kama atauliza nani na nani, hapo sikuwa na uamuzi, na usiku ule wote sikuupata.

Ijumaa mtendaji alilifungua daftari juu ya meza. Kurasa za mbele zilikuwa nyembamba kuliko za nyuma, kila mtu angeona.

"Kamanda, panya wamekula?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimekata mimi."

"Kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa nimewauliza watoto asili ya wazazi wao. Nikaona halikuwa swali la kuwauliza."

Nje kulikuwa na watu wanasubiri barua za utambulisho, nikawasikia wanabishana kama senene wa mwaka huu watashuka mapema. Mtendaji alichukua karatasi yake, akaipitia juu mpaka chini na ncha ya kalamu.

"Mimi nimeagizwa majina na umri," akasema. "Hicho ulichokata hakimo kwenye karatasi yangu." Akaanza kunakili. Alipofika nusu akasema bila kuniangalia, "Lakini usirudie kuniletea daftari la namna hii. Mwingine angekuuliza zaidi."

Mpaka leo sijui kama alinisaidia au alitaka tu kumaliza kazi yake. Labda yote mawili. Nimewahi kumsema vibaya mtendaji yule kuhusu mambo mengine, kwa hiyo hili naliandika pia.

Wiki zilizofuata nilikuwa nasikiliza kila pikipiki inayopita kuelekea upande wa chumba kile. Hakuna aliyekuja kwao. Sitaki kusema ni kwa sababu ya wembe wangu. Huenda hakuna aliyekuwa na mpango wa kuja. Mtandao ukarudi, watu wakaanza tena kusimama pamoja dukani, na watoto wakaanza kuvaa kaki kuanzia nyumbani. Nilinunua kaunta buku mpya, nikachora safu nne, nikaandika majina ishirini na mawili kama nilivyoahidi.

Msichana aliendelea kuja. Mama yake hakumkataza kuja, alikataza kuandikwa. Nilipoita majina aliangalia mbele, na nilipomaliza bila kumtaja, wenzake waligeuka kumwangalia. Jumamosi ya pili niliacha kuita majina, nikawa nawaambia viongozi wa vikosi wanipe taarifa.

Shule zilipofunguliwa ikaja fomu kutoka wilayani. Kambi ya mkoa, na wale watakaofaulu watapewa beji. Fomu ilitaka majina kamili. Alinifuata nikiwa nakunja bendera.

"Kiongozi, umeniandika?"

"Mama yako bado hajaniruhusu. Nimekwenda kwake juzi."

"Hata mimi nimemuuliza."

"Akakwambiaje?"

"Alisema mambo hayajapoa." Kisha akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Nilitaka kumwambia yamepoa. Nilitaka pia kumwambia mama yake yuko sahihi. Nikasema sijui, na hilo ndilo lililokuwa kweli. Mwenye hofu ile ni mama, si mimi, na mimi ndiye niliyeileta nyumbani kwao. Nilijaza fomu, nikampa mwalimu mkuu Jumatatu.

Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida. Akawapanga Korongo mstari mmoja, wadogo mbele, akamrekebishia mmoja skafu, akaja mbele yangu akapiga saluti.

"Kikosi cha Korongo, wote wapo, kiongozi."

Nikahesabu. Walikuwa saba pamoja naye. Kwenye fomu iliyokwenda wilayani ni sita.